Ngano Nyingi za Ngano

Kiswahili kimelibebesha neno moja mizigo miwili. Ngano ni nafaka ya mkate, na ngano ni hadithi ya kale inayoanza kwa ujanja wa sungura na kuishia kwa aibu ya fisi. Mtu aliyepimwa akaambiwa ana ugonjwa wa siliaki hamalizi wiki kabla hajagundua kuwa mizigo hiyo miwili ni mmoja: kila anapoikataa nafaka, sharti atoe hadithi. Atamsimulia mama mkwe. Atawasimulia wenzake wa ofisini siku ya kukata keki. Atamsimulia mpishi wa shughuli aliyeshika mwiko, huku foleni nyuma yake inafika barabarani. Wote watamsikiliza kwa huruma mpaka mwisho, watatikisa kichwa, watamwombea afya njema, kisha watauliza, “Sasa na chapati je?”

Ugonjwa wenyewe hauna mzaha. Kinga ya mwili hukosea ikaiona gluteni kuwa adui, na katika vita hivyo huviharibu vijidole vidogo mno vilivyotanda ndani ya utumbo mwembamba, vile vinavyofyonza chakula. Mtu anakula na kushiba, lakini mwili wake unabaki na njaa: damu inapungua, uchovu hauishi, tumbo linajaa na kuvurugika, na mtoto anaweza kudumaa. Gluteni imo katika ngano, shayiri na rai. Jina lake ni neno la Kilatini lenye maana ya gundi, na kila anayekanda chapati anaijua hata kama hajawahi kulisikia jina, kwa kuwa ndiyo inayofanya donge livutike bila kukatika. Inakadiriwa kuwa duniani karibu mtu mmoja katika kila 100 anao ugonjwa huu, na wengi hawana habari. Tiba ni moja tu, kuziacha nafaka hizo maisha yote. Hata kipimo kina vituko vyake. Anayeshuku ngano akaiacha mapema, kipimo cha damu kinaweza kumwona mzima kabisa, kwa hiyo huambiwa aendelee kula mkate mpaka apimwe. Magonjwa ni mengi, lakini machache ni yale ambayo daktari anakuruhusu maandazi wakati unaumia na kukunyang’anya siku anapojua kinachokuumiza.

Ukisoma ushauri ulioandikiwa wagonjwa wa Ulaya utadhani msiba umeingia nyumbani. Nao wana haki ya kulia, maana kwao mkate uko asubuhi, mchana na jioni, na usipokuwa mkate ni tambi. Huku kwetu hesabu ni nyingine. Chukua karatasi uandike vyakula vya Afrika Mashariki visivyo na gluteni: ugali wa mahindi, ugali wa muhogo, wali, pilau, uji wa ulezi, mtama, matoke ya Kampala na Bukoba, magimbi, viazi vitamu, maharage, choroko, kunde, samaki wa nazi, mchicha, mkate wa kumimina wa mchele. Wino utakwisha kabla orodha haijaisha. Futari ya Ramadhani peke yake, yenye mihogo na ndizi mbichi za nazi, ingetosha kumlea mgonjwa huyu mwezi mzima, mradi sahani ya sambusa ipite mbali. Hata mlevi ana pa kukimbilia, kwa sababu bia nyingi zina shayiri lakini mbege ya Wachaga ni ndizi na ulezi.

Tena historia ya ugonjwa huu inatupendelea kuliko tunavyojua. Mwaka 1924, daktari wa watoto wa New York aitwaye Sidney Haas alitangaza kuwa amewainua watoto waliokuwa wamekonda kwa siliaki. Dawa yake ilikuwa ndizi. Watoto walilishwa ndizi kwa wingi, mkate wakanyimwa, na wakanenepa, basi sifa zote zikaenda kwa ndizi. Mhaya yeyote angeweza kumwambia kuwa ndizi ni chakula tu. Mkosaji halisi alitajwa na Mholanzi, Willem Karel Dicke, ambaye alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Majira ya baridi ya 1944 na 1945, Uholanzi ilipokumbwa na njaa mpaka watu wakala vitunguu vya maua ya tulipu, mkate uliadimika, na uhaba huo ulimwongezea imani katika shaka yake. Mwaka 1950 aliiweka hoja yake katika tasnifu ya chuo kikuu cha Utrecht. Kwa ufupi, kile ambacho mabingwa wa New York walikiandika kama dawa ndicho ambacho mkulima wa Kagera anakimenya kila jioni bila kumwona daktari.

Basi kama chakula kipo tele, vituko vya mgonjwa vinatoka wapi? Mimi naona vinatoka kwenye cheo. Kwetu ngano si chakula cha kushibia, ni chakula cha heshima, na anayeachishwa ngano hapungukiwi na sahani, anapungukiwa na kiti. Tazama nyumba yoyote saa mbili asubuhi. Familia imekaa na muhogo wa kuchemsha, chai inafuka moshi, kila mtu ana raha yake. Mara hodi inapigwa. Kabla mgeni hajavua viatu, sahani ya muhogo imeshachomolewa mezani kama kitu cha wizi, na mtoto ametumwa dukani mbio, kwa mlango wa nyuma, akalete mkate na siagi. Sasa mgeni huyo awe ndiye mwenye siliaki. Chakula pekee anachokiweza katika nyumba ile kimefichwa jikoni kwa ajili ya heshima yake, na kinacholetwa mbele yake kwa gharama na upendo ndicho kinachomuua. Akikataa, amedharau. Akiomba ule muhogo aliouona kwa pembe ya jicho ukipita, amemwaibisha mwenye nyumba.

Lugha nayo inamsaliti. Tunasema “kunywa chai” kana kwamba jambo lenyewe ni kinywaji, kumbe chai ni kisingizio cha kitafunwa, na kitafunwa mara nyingi ni ngano iliyovaa nguo tofauti: andazi, hamri, chapati, kaimati, mkate wa maji, sambusa, keki, biskuti. Na kwa watu wengi, ngano ikishavaa nguo si ngano tena. Mwambie shangazi kuwa huli ngano, atakuelewa vizuri sana, kisha atakuletea maandazi. Ukishtuka, naye atashtuka: “Hii si ngano, mwanangu, hii ni unga!” Hakosi kwa ubishi. Ngano kichwani mwake ni punje shambani, au gunia, au bokoboko la harusini ambamo punje bado zinaonekana. Kilichomo kwenye pakiti jikoni ni unga wa chapati, na mgonjwa hakutaja chapati. Ndiyo maana anayetaka kuishi salama lazima ataje kila kitu kwa jina lake, kama hakimu anayesoma mashtaka.

Hata akitaja, hajamaliza. Vitumbua ni vya mchele, naam, lakini kuna wauzaji wanaoongeza ngano kidogo ili vishikane. Bagia ni za dengu au kunde, ila nazo wengine huzitia kiganja cha unga mweupe. Urojo wa Unguja, huo uzito wake mzuri ni wa ngano. Soseji huweza kujazwa makombo ya mkate, na sosi ya soya, licha ya jina lake, kwa kawaida hutengenezwa kwa ngano pia. Unga wa lishe ni bahati nasibu: mahindi, ulezi, soya, karanga, na lolote alilokuwa nalo mchanganyaji siku hiyo. Mtama wenyewe usio na kosa unaweza kupita katika mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano ya jirani. Na yule muuzaji wa mihogo ya kukaanga kando ya barabara, ambaye mgonjwa anamkimbilia kama mkombozi, alianza siku kwa kukaanga maandazi katika karai lilelile, kwa mafuta yaleyale.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi la kwanza, ambalo hutolewa kwa mapenzi makubwa: kidogo hakiui, onja tu. Tupige hesabu. Kiwango cha kimataifa kinataka chakula kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 katika kila kilo. Utafiti umeonyesha kuwa miligramu 50 kwa siku, zikirudiwa kwa miezi, zinatosha kuuharibu utumbo wa mgonjwa. Chapati moja ya kawaida, tukisema imetumia gramu 50 za unga, ina kama gramu nne za gluteni, yaani miligramu 4,000. Ukiita chapati hiyo moja kuonja, basi kuonja kwako ni mara 80 ya kile kiasi kidogo kilichokwisha kuonekana kina madhara. Kubandua chapati juu ya maharage na kusema “haya, sasa kula” nako hakusaidii, maana makombo hayabanduki. Kinachowapotosha wengi ni kwamba mgonjwa haanguki palepale kama aliyekula sumu ya panya. Anakula, anatabasamu, anaaga, na tumbo linamdai baadaye akiwa peke yake. Mwenyeji aliyemwona akitabasamu ana ushahidi wa maisha kwamba ule ugonjwa ulikuwa maringo.

Pingamizi la pili ni kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Hili linastahili jibu la heshima, kwa sababu ni kweli kwamba ugonjwa huu unataka vinasaba fulani, na vinasaba hivyo havikugawanywa sawa duniani. Lakini jamii mojawapo iliyopatikana na kiwango cha juu kabisa ni Wasahrawi wa Sahara Magharibi, ambao utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta karibu watoto 6 kati ya 100 wanao. Sahara haiko Ulaya. India ya kaskazini inaujua vizuri pia, na watu wa pwani yetu wana wajomba pande zote za Bahari ya Hindi. Nadhani tatizo hasa ni jina. Ukisema una kisukari, kijiko kinaondolewa kwenye bakuli la sukari kabla hujamaliza sentensi. Ukisema una presha, chumvi inapunguzwa bila mjadala. Magonjwa hayo yana majina ya nyumbani, na kila ukoo una mzee aliyekuwa nayo. “Siliaki” linasikika kama jina la mtaa mpya. Ugonjwa usio na jina la kwetu hauaminiki, na mgonjwa wake anaonekana ama anajidai, ama amegombana na mpishi.

Wapo watakaosema nimeionea ngano, kwamba sasa ni yetu kama kanga zilivyo zetu. Nakubali. Chapati imekuja kutoka India ikazaliwa upya, na hoja yangu si kufukuza wageni, maana tukianza hivyo ugali utaondoka nao: mahindi na muhogo vyote vilivuka bahari kutoka Amerika. Ninachopinga ni kiti cha enzi. Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipopandisha bei ya ngano, chapati zilizidi kuwa za anasa, lakini muhogo haukupandishwa daraja. Nadhani wapo waliokula mihogo yao kwa siri zaidi. Kwa kulinganisha, Kanisa Katoliki, ambalo lina sababu nzito kuliko mwenye duka lolote za kushikilia ngano, limelifikiria jambo hili kwa makini. Sheria yake inataka mkate wa Ekaristi uwe wa ngano tupu, na barua ya Vatikani ya mwaka 2017 ilikumbusha kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai. Lakini ilikumbusha pia kwamba hostia yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa, na Kanisa linamruhusu asiyeweza hata hiyo kupokea divai peke yake. Kama altare imempatia mgonjwa nafasi bila kuvunja sheria yake, meza ya chai haina udhuru.

Mtu atasema suluhisho ni duka kubwa la mjini, kule kwenye rafu ya mikate maalumu iliyotoka ng’ambo. Anayeweza anunue. Mingi ya mikate hiyo ni mchele, mahindi na wanga wa muhogo au viazi, ambavyo vimesafirishwa kutoka mbali, vikafika kwetu vimekauka, na kuuzwa kwa bei inayoweza kununua mkungu wa ndizi. Na wale walioacha ngano kwa sababu msanii fulani ameacha akapungua mwili, wangemsaidia sana mgonjwa kama wangenyamaza. Hao ndio wanaokataa mkate Jumatatu na kuonekana Jumamosi na pizza, na siku mgonjwa wa kweli anapofika, mwenyeji ameshajifunza kutoamini.

Kwa hiyo msomaji mwenye nyumba, mgeni akikuambia hali ngano, usimtume mtoto dukani. Usimuulize ameanza lini. Rudisha mezani ile sahani ya muhogo uliyoificha, na kama lazima ukaange, tafadhali mwaga yale mafuta ya maandazi, uoshe karai, utie mapya.