Nani Kanileta Mabibo?

Naomba mnisikilize nyie, maana nyumbani kwangu hawanisikilizi tena. Mimi siku hizi siendi ninakotaka. Miguu yangu inaenda inakotaka yenyewe, mimi naifuata.

Tumehama Mabibo, jamani. Tumehama kwa gharama. Kirikuu nimekodi kwa hela yangu, kabati limevunjika mguu njiani, mama watoto kalia kama kafiwa. Sasa hivi tuko Kinyerezi, nyumba bado inanuka rangi. Hayo yote nayajua. Niamshe usiku wa manane uniulize nakaa wapi, nitakwambia Kinyerezi, na mjumbe wetu nitakutajia. Sasa jioni natoka kazini Kariakoo. Kichwani nawaza ada ya shule. Namuwaza bosi, aliyeniita pembeni halafu akasema "basi, tutaongea kesho". Naiwaza hiyo kesho. Kuja kushtuka, niko Mabibo. Siyo kituoni. Mlangoni! Funguo iko kwenye kitasa na ninaizungusha, tena nailaani kwamba haiingii vizuri.

Mlango ukafunguliwa kwa ndani. Katokea jibaba limevaa singlendi, limeshika kijiko, mdomo umejaa wali. Nikamwambia, "Karibu."

Yaani mimi niliyesimama nje, namkaribisha mtu aliyeko ndani kwake.

"Unamtafuta nani, mzee?" Sasa hapo utajibu nini? Nikasema nimepita kuangalia kama kuna barua yangu. Barua! Pale Mabibo nilikaa miaka na miaka, hakuna kiumbe aliyewahi kuniandikia barua. Sauti ya mwanamke ikatoka chumbani: "Nani huyo?" Jibaba likajibu, "Ni yule mpangaji wa zamani, karudi tena." Hilo neno "tena" naomba mlipite kimyakimya.

Nikamfuata kijana wa jirani yetu. Yuko Mlimani, anasoma saikolojia, mwaka wa pili, ila anaongea kama keshamaliza. Anasema, "Anko, huumwi. Ubongo una upande unaojitambua, ambao ni mdogo na unachoka haraka, hauwezi kubeba mambo mengi kwa mpigo. Halafu kuna kazi kubwa inafanyika kimyakimya, wewe mwenyewe hujui. Ukirudia jambo sana, linahamia huko kusiko na mjadala. Ndiyo maana ukifunga kamba za viatu hufikirii."

Nikamwambia mimi navaa kandambili.

Lakini nilichoelewa ni hiki. Kichwa changu ni daladala. Kuna konda na kuna dereva. Konda ndiye mimi huyu ninayeongea na nyie: napiga kelele, nataja vituo, nabishana na abiria, nina uhakika kabisa kwamba gari ni langu. Dereva kakaa kule mbele, kimya, hata sura yake sijawahi kuiona. Mimi naita Kinyerezi, Kinyerezi, Kinyerezi! Yeye kakunja kona ya Mabibo zamani.

Kijana akafurahi, akaniletea stori ya Mmarekani mmoja, Henry Molaison. Huyu bwana alikuwa na kifafa kibaya. Mwaka 1953 daktari akampasua kichwa, akatoa vipande vya ubongo kwa ndani, kushoto na kulia. Kifafa kikapungua. Ila na kumbukumbu mpya zikagoma kuingia. Unamsalimia, mnaongea, unatoka nje kidogo, ukirudi hakujui. Sasa mtaalamu kutoka Montreal, Brenda Milner, akampa penseli na picha ya nyota, achore kwa kufuata mistari huku akiuangalia mkono wake kwenye kioo tu. Jaribu nyumbani kwako uone mkono unavyopotea! Siku ya kwanza Henry alichora madudu. Ya pili nafuu. Ya tatu anachora safi. Na kila siku alikuwa anaapa hiyo kazi hajawahi kuiona maishani mwake. Alishangaa hata mwenyewe mbona imekuwa rahisi. Yaani mkono ulisoma shule ambayo mwenye mkono hakumbuki kuandikishwa. Kaishi hivyo mpaka alipofariki mwaka 2008, wanasayansi wanamtembelea, kila mmoja anajitambulisha upya.

Mimi stori hiyo iliniuma, kwa sababu Henry walau alikuwa na sababu. Mimi ubongo wote ninao.

Sasa mngeniuliza kwa nini nilikwenda semina. Nilikwenda kwa sababu kuna mtu kazini alisema akili ya ndani ukiijulia, utajiri unakuja wenyewe. Kiingilio buku kumi. Ukumbini kiyoyozi kimezimwa, mhamasishaji kavaa suti inayong'aa, anatokwa jasho kwa niaba yetu wote. Akasema akili ya ndani haijui utani, ukiiambia kitu inaamini. Akatupa ushahidi: Marekani, mwaka 1957, jamaa anaitwa James Vicary alimulika maneno kwenye skrini ya sinema, haraka mno, jicho haliwahi kuyaona. Yanasema kula bisi, kunywa Coca-Cola. Watu wakanyanyuka kwenda kununua bila kujua wametumwa! Ukumbi mzima ukasema mh. Mimi nilisema mh kubwa kuliko wote.

Kijana aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe huyo Vicary mwenyewe mwaka 1962 alikuja kukiri kwamba hakuwa na data za maana, ilikuwa mbinu ya kuitangaza biashara yake. Buku kumi yangu, jamani. Nimelipia uongo uliokwisha kukanushwa kabla sijazaliwa.

Na hata ungekuwa kweli, huku kwetu nani anahitaji kumulikiwa maneno ya siri? Muuza mishkaki hafichi kitu. Anachukua kipande cha boksi, anakupepelea moshi usoni mchana kweupe, na wewe unakwenda.

Ila kabla ya kujua hayo nilikuwa nimeshaanza mazoezi. Mhamasishaji alisema kila asubuhi simama mbele ya kioo, jitazame machoni, rudia. Nikajifungia bafuni. Mimi ni tajiri. Mimi ni tajiri. Mwanzo kwa aibu, baadaye nikaongeza sauti. Pesa zinanipenda! Nilipofika kwenye "zinanipenda" taa ikazima. Mama watoto akagonga mlango.

"Tajiri, luku imeisha."

Watoto wakalipokea jina. Sasa hivi mpaka mtoto wa jirani akija kuomba chumvi anauliza kama tajiri yupo. Kijana wetu wa Mlimani hana hata huruma. Anasema, "Anko, ukirudia kusema, utakuwa hodari wa kusema. Yule Henry hakuambiwa ajione bingwa wa kuchora nyota. Alipewa penseli." Sawa. Na penseli ya utajiri inauzwa duka gani? Akanyamaza. Hicho kwenye silabasi hakipo.

Nikajitetea kwamba basi dereva ndiye wa kulaumiwa kwa kila kitu, konda aachwe. Hapo akanitolea Libet. Huyu alikuwa mtafiti kule San Francisco. Mwaka 1983 alichapisha utafiti wake: aliwakalisha watu mbele ya saa yenye kidoa kinachozunguka, kawabandika waya kichwani, akawaambia kunjeni mkono wakati wowote mkijisikia, halafu mniambie kidoa kilikuwa wapi pale mlipoamua. Matokeo yake, ubongo ulikuwa umeanza kuchangamka kama nusu sekunde kabla mkono haujasogea. Mwenye mkono anakuja kujua kwamba "nimeamua" imebaki kama moja ya tano ya sekunde. Wasomi wanabishana hadi leo kama kule kuchangamka ndiyo uamuzi wenyewe au ubongo ulikuwa unajinyoosha tu. Mimi sibishani. Nimeelewa mara moja kwa nini asubuhi nikiamua kuamka nakuta ilishaamuliwa nilale.

Lakini Libet alimwachia konda kitu kimoja. Alisema ile sekunde ya mwishomwisho mtu anaweza kukataa. Yaani konda hashiki usukani, ila anaweza kugonga bodi, gari likasimama. Nikaona hapo pananifaa. Nikaenda kupita mbele ya yule muuza mishkaki kwa makusudi, kujipima. Moshi ukaja. Nikagonga bodi. Nikagonga tena, kwa nguvu. Dereva kaweka muziki mkubwa, hasikii. Nilipopata fahamu nilikuwa nauliza kama pilipili ipo.

Siwaambii habari za paja langu. Linatetemeka kama kuna simu inaita, natia mkono mfukoni, simu haipo, iko kwa fundi tangu juzi. Paja linapokea simu za nani?

Kibaya zaidi ni mdomo. Pale dukani kwa mangi nina deni. Siyo kubwa, ni la kawaida, la unga, sukari na vocha, ila limekaa. Kwa hiyo nikienda nakwenda na hela mkononi, nanunua kitu kidogo, naongea haraka, macho juu kwenye dari. Juzi mbu wametuzidi, nikaenda na noti yangu, duka limejaa watu, nikamwambia, "Mangi, nipe dawa ya deni."

Kimya. Mangi wala hakutafuta kwenye shelfu. "Dawa ya deni kulipa, mzee." Duka zima likacheka, na ile noti iliyokuwa ya dawa ya mbu ikapokelewa hivyohivyo, daftari likafunguliwa, nikakatwa. Usiku ule mbu walitula kwa raha zao.

Kijana anasema Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna, aliandika kitabu kizima kuhusu mambo haya mwaka 1901. Kwamba ulimi ukiteleza, aghlabu kuna kitu umekificha ndani kinatafuta mlango. Nikasema huyo Freud ni mchonganishi. Kijana akanituliza: wataalamu wengi wa siku hizi hawaendi mbali hivyo, wanasema mara nyingi ni maneno tu yanayofanana sauti, yanagongana njiani. Nikafurahi! Nikapumua! Akafikiri kidogo, akasema, "Ila mbu na deni havifanani, anko."

Lakini lililonifikisha hapa nilipo leo, na shingo hii mnayoiona imepinda, ni konda. Siyo wa kichwani. Konda wa kweli, mwenye fulana. Nilimdai chenji yangu, nikamwambia nina haraka. Akaniangalia juu mpaka chini. "Mzee, ungekuwa na haraka ungetoka jana." Gari zima kicheko. Mama mmoja mwenye kuku kwenye kapu alicheka mpaka kuku wakaamka. Na mimi sikuwa na jibu. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nikashuka. Nikatembea. Nikala, nikalala, jibu hakuna.

Kumbe dereva alikuwa kazini. Wewe umelala, yeye anaendelea kulichambua faili. Saa tisa usiku jibu likafika, limekamilika, tamu, na lenyewe halikusubiri ruhusa. Nikakaa kitako kitandani nikapiga kelele: "Ungesoma usingening'inia mlangoni!"

Mama watoto aliishia kidato cha pili. Jambo hilo nyumbani kwetu halitajwi.

Taa ikawaka. "Nani hajasoma?"

Nikamwambia siyo wewe.

"Na mlango gani ninaoning'inia mimi?"

Nikaanza kumweleza. Nikamweleza Henry na nyota. Nikamweleza kidoa cha San Francisco. Nikamwambia, mke wangu, aliyesema siyo mimi, mimi ni konda tu, kuna akili ya ndani huko inafanya mambo bila kuniuliza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho hakifanyi mara nyingi.

"Basi hiyo ya ndani ikalale sebuleni."

Nikamwambia mimi na yeye tuna mgongo mmoja, na kochi lenyewe ni la watu wawili, tena limebonyea katikati. Akanirushia mto.

"Mtapokezana."