Maombi ya Cheti cha Ukoo Usio na Madhara

Kwa Rais,
Taasisi ya Kifalme ya Anthropolojia,
London.

Mheshimiwa,

MINT: CHETI CHA UKOO WA TALAI

Kwa heshima na taadhima, sisi Watalai wa Kericho na Bomet tunawaandikia kwa kuwa ninyi ndio mnaotujua. Hollis alichapisha kitabu chake juu ya Wanandi mwaka 1909, miaka minne baada ya Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi, kupigwa risasi, naye Hollis akila mshahara wa serikali ya kikoloni iliyompiga Koitalel. Juxon Barton, aliyeandika juu yetu Wakipsigis katika jarida lenu mwaka 1923, alikuwa afisa wa serikali hiyo hiyo. Kisha mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwahamisha Watalai. Haikuhitaji kuthibitisha kwamba fulani ameiba au ameua. Ilitosha awe amezaliwa katika ukoo ulioandikwa kuwa wa orkoiyot, kiongozi na mtabiri, wenye nguvu za kurithi. Wazee, kina mama na watoto wakatupwa Gwassi kwenye mbung'o na malaria, na mashamba ya chai yakazidi kutanda huku nyuma.

Mtasema mwanazuoni hakutia saini amri ile. Kweli. Mtasema Orchardson aliishi nasi miaka mingi na kutuandika kwa upendo, na kwamba kitabu cha Peristiany cha 1939 kilitupa heshima. Kweli pia, kitabu kilitoka, Watalai wakabaki Gwassi. Hatusemi elimu ilishika bunduki. Tunasema iliufanya ukoo kuwa tabia, na serikali ikaifanya tabia kuwa hatia. Leo tukidai ardhi tunaambiwa tulete ushahidi, na kila mara anakuja mtafiti mwingine na dodoso, atuulize uchungu wetu ni kiasi gani, kati ya moja na tano. Andikeni tano, muondoke!

Mtuwie radhi. Tunaomba nakala za maandishi yenu ziletwe maktaba za Kericho na Bomet, na picha zetu zirudi zikiwa na majina ya waliopigwa. Lakini ombi kubwa ni cheti, kwa kila Mtalai, chenye lakiri na picha mbili, ya mbele na ya ubavuni, kama mlivyozoea; kipimo cha kichwa tunaomba kisamehewe. Kiandikwe: "Uwezo wa kuleta mvua: haujathibitishwa. Uwezo wa kuchochea maasi: wa kawaida, sawa na wa binadamu yeyote aliyenyang'anywa shamba." Kidumu miaka mitano, na mtoto atakayezaliwa Jumapili, ofisi zenu zikiwa zimefungwa, apewe cha muda, asije akahamishwa kabla ya Jumatatu.

Iwapo cheti hakiwezekani, kwa kuwa hakuna mtaalamu awezaye kuapa kwamba ukoo mzima hauna hatia, basi tunaomba jina la yule aliyeweza kuapa kwamba unayo.

Wenu watiifu, kwa mazoea,
Sisi mliotuandika.