Tenda, Uende Zako

Mume wangu alifundisha Kiingereza miaka 31, na hajawahi kukiri kwamba lugha hiyo ina neno asilolijua. Shida zetu na tenda za serikali zilianzia hapo.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina vyerehani vitatu kwenye kibanda karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu, nashona sare za shule, kanzu za kwaya na sare za matanga. Mteja mmoja ndiye aliyenitia maneno: mbona huombi tenda? Sheria imewatengea wanawake, vijana na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya ununuzi wa umma! Na ni kweli. Mpango wenyewe unaitwa AGPO, ulizinduliwa 2013, na sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 ikaukazia msumari.

Lakini kundi likitaka kuingia kama la wanawake, angalau asilimia 70 ya wanachama wawe wanawake, na uongozi wote uwe wao. Mwalimu alikuwa mwenyekiti wa biashara yetu kwenye karatasi zote, kwa sababu ana mwandiko mzuri. Nikampa habari wakati wa chakula cha jioni. Akachomoa mwiba wa ngege mdomoni, akauweka kwenye ukingo wa sahani, akautazama.

"Kwa hivyo mimi ni asilimia 30."

"Kwa karatasi tu, Mwalimu."

"Na humu nyumbani?"

Nikamwongezea ugali.

Kusanya vyeti sasa. Cheti cha usajili, kibali cha biashara, PIN ya KRA, na cheti cha kuonyesha kwamba sidaiwi ushuru, ambacho huisha nguvu baada ya miezi 12 kama dawa ya kikohozi. Hicho cha mwisho kilinitoa jasho. Mwaka mmoja nilikuwa nimelala bila kuwasilisha ritani, maana sikuwa na la kuripoti. Kumbe hata asiye na kitu anatakiwa atangaze kufikia Juni 30 kwamba hana kitu. Nikatozwa faini ya Sh2,000 kwa kuchelewa kusema sina pesa.

Tenda yenyewe ilikuwa ya overoli 120 kwa ofisi moja ya umma mjini. Jina lake nitalimeza. Mwalimu akavaa miwani, akaanza kunitafsiria waraka huku mimi nikipindua mapindo. Alipofika kwenye sharti la "sekyuriti" hakusita hata kidogo. "Wanataka kujua kama mali yao itakuwa salama hapa kibandani." Nikaona ni jambo la busara. Nikaandika: ipo, mlinzi mmoja wa usiku, rungu, tochi na mbwa. Nikaambatisha nakala ya kitambulisho cha mlinzi. Ya mbwa hatukuwa nayo.

Aliyetuokoa ni msichana wa saiba, alipokuwa akitupigia nakala. Alicheka mpaka akashikilia mashine. Hiyo sekyuriti ni dhamana, akasema, hela ambayo benki inakuwekea ili ukishinda kisha ukakimbia, ofisi isipate hasara. Sheria hairuhusu izidi asilimia 2 ya thamani ya tenda. Tena sisi wa tenda zilizotengwa hatudaiwi hata hiyo, tunatia saini fomu ya ahadi tu. Mlinzi akarudishiwa kitambulisho chake. Alinuna kidogo, maana alikwisha kuwaambia watu Manyatta kwamba amepata kazi serikalini.

Sharti jingine: waraka ufungwe imara, na kila ukurasa upewe nambari mfululizo. Hili la kufunga nililifurahia. Wengine hupeleka kwa watu wa stesheneri wakatiwa waya wa plastiki. Mimi nilitoa sindano namba 18, ile ya jinzi, nikalegeza mguu wa cherehani, nikaziingiza kurasa 63 mafungu kwa mafungu. Nikapiga mshono wa kwanza, wa pili, kisha nikazungushia ukanda wa khaki ukingoni. Ungeuvuta ule waraka kwa ng'ombe wawili usingeachia. Nambari niliandika mwenyewe kwa kalamu, huku nikihudumia wateja.

Zabuni hufunguliwa hadharani, mara tu muda wa kuwasilisha unapokwisha. Tulikaa kwenye mabenchi, akina mama wanane na bwana mmoja mwenye ndevu aliyesema anamwakilisha shangazi yake. Bei zikasomwa. Yangu ilikuwa ya chini kuliko zote. Afisa aliinua waraka wangu, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye mshono, akauliza nani ameufunga. Niliinua mkono kama mtoto wa shule. Siku hiyo nilinunua mbuta mzima.

Barua ilipokuja, Mwalimu aliisoma mara mbili. "Wanasema hukuitika."

Nikatoa simu kutafuta miskoli. Hapakuwa na hata moja.

"Si wewe," akasema, "zabuni ndiyo haikuitika." Tukarudi saiba, sasa tukiwa wapole. Kuitika, kwa lugha ya tenda, ni kutimiza kila sharti la lazima. Ukikosa moja tu, bei yako haiangaliwi hata ingekuwa bure. Kosa letu lilikuwa kwenye nambari: kutoka ukurasa wa 47 nilirukia 49. Nakumbuka hata aliyenirusha, ni mama mmoja aliyekuja kuulizia zipu ya sketi, na hakuinunua. Mwalimu alitaka twende kwenye bodi ya rufaa Nairobi, kwani sheria inatoa siku 14 za kulalamika. Nikapiga hesabu ya nauli ya watu wawili, nikamwambia asilimia 70 imekataa.

Miezi michache baadaye ofisi ileile iliomba bei za overoli nyingine, 80 tu. Safari hii nilifunga kibanda, nikahesabu kurasa kwa sauti. Tukapata. LPO ikaja na muhuri wake, na kabla ya giza kuingia majirani wawili walikuwa wamefika kunikopa. Ilibidi niwaeleze kwamba LPO si hundi. Ni karatasi inayosema ofisi imeagiza. Kitambaa, uzi na vifungo ni juu yako. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka tu kuchukua khaki kwa mkopo.

Nilipeleka mzigo siku mbili kabla ya tarehe. Kamati ya kukagua na kupokea ikavuta mifuko, ikahesabu vifungo, ikatia saini. Nikaacha ankara. Waswahili husema tenda wema uende zako. Nami nilitenda, nikaenda zangu.

Juni ikaisha, na mwaka wa fedha ukaisha nayo. Nikiuliza, naambiwa bili yangu iko kwa sistimu. Mwalimu akafungua kamusi yake kubwa, akatafuta neno walilolitumia safari hii. "Pendingi," akasema. "Asili yake ni Kilatini. Maana yake kuning'inia." Yawa! Kwa mara ya kwanza tangu tuanze mambo haya, tafsiri yake ilikuwa sahihi.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa ofisi ile alisimama kibandani akiwa amevaa overoli yangu, rangi imeanza kuchujuka mabegani. Kifungo cha kifuani kilikuwa kimekatika. Nikamshonea akiwa amesimama, nikamwambia ni shilingi 20. Alilipa papo hapo, kwa M-Pesa. Hadi leo ndiyo pesa pekee ambayo overoli zile zimeniletea.