Utumishi Usio na Ujira

Miongoni mwa kazi za hiari ambazo binadamu amezibuni ili ajipunguzie raha, sijui iliyo ya ajabu kuliko kuupokea mfumo endeshi wa kompyuta kabla haujakamilika, kuutia katika mashine yako mwenyewe iliyokuwa ikienda vizuri, kisha kungoja kwa shauku uharibike. Afanyaye kazi hii halipwi. Huingia kwa ridhaa yake, hukubali mkataba mrefu usemao kwamba lolote litakaloifika mashine na nyaraka zilizomo si dhima ya mtengenezaji, na akiisha kuthibitisha kwamba ameusoma mkataba huo, jambo ambalo aghalabu si kweli, hujiona ameteuliwa.

Wapo hata waliolipia uteuzi huo. Mwezi wa Septemba 2000 kampuni ya Apple ilitoa kwa umma toleo la majaribio la Mac OS X kwa bei ya dola 29.95, na ilipofika Mei ya mwaka uliofuata toleo hilo likafikia ukomo wake na kugoma kufanya kazi. Watu walitoa fedha zao, wakatafuta makosa, wakayaandikia taarifa, kisha bidhaa ikawafia mikononi kama ilivyokuwa imepangwa. Kinyume chao yupo Donald Knuth, mwanazuoni wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye hadi mwaka 2008 alikuwa na desturi ya kumwandikia hundi ya dola 2.56 kila mtu wa kwanza kumwonyesha kosa katika vitabu vyake, na wengi katika waliozipata hundi hizo hawakuzipeleka benki bali walizitia katika fremu na kuzitundika ukutani. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi, hasa umeme ukiwa umekatika, na naona Knuth peke yake ndiye aliyeielewa biashara hii kwa insafu.

Mfumo nilioujaribu mimi sitautaja jina, kwa kuwa sina ugomvi na waliouunda na kwa kuwa sasa umetengemaa, isipokuwa katika jambo moja nitakalolieleza. Faili lake lilizidi gigabaiti nne, nami nililipakua kwa bando la usiku, maana hapa kwetu Ngamiani, mjini Tanga, intaneti ya mchana ni mali ya wenye nafasi. Umeme ulikatika likiwa limebakiza kidogo. Uliporudi, faili likaanza tena kutoka mwanzo bila ya kuona haya.

Usimikaji wenyewe ulikuwa na adabu. Mfumo uliniuliza nataka lugha gani, nikakikuta Kiswahili katika orodha, nikakichagua kwa fahari. Lakini tarjuma ilikuwa haijamalizika, hivyo maswali ya majina na rangi niliulizwa kwa Kiswahili fasaha, na lile swali moja la hatari, liulizalo kama diski yote ifutwe au igawanywe, likaja kwa Kiingereza. Nikaigawa diski, mfumo wa zamani upande mmoja na huu mpya upande wa pili. Watu wa mfumo wa Debian, kwa haki yao, ni wakweli zaidi katika kuonya: toleo lao lisilotulia wamelipa jina la kudumu la Sid, yule mtoto wa filamu ya Toy Story mwenye tabia ya kuvunja vitu vya kuchezea, asije mtu akadai kwamba hakuambiwa.

Mara tu baada ya kuwaka ilidhihirika kwamba mfumo haukuitambua kadi ya Wi-Fi. Haukuficha, ulinitolea ilani ya kistaarabu kwamba kifaa hakina draiva, na kwamba ili niipate draiva hiyo yanipasa niunganishe intaneti. Nikaunganisha simu kwa waya, mfumo ukaikaribisha simu kwa bashasha, ukaniuliza kama napenda kuzitazama picha zilizomo. Betri nayo ilikuwa na asilimia mia, ikaendelea kuwa na asilimia mia mchana kutwa, na ilikuwa na asilimia mia hadi dakika ile mashine ilipozimika. Kifuniko ukikifunga, kompyuta ililala, ukikifungua, haikuamka. Ama vitufe vya kupunguza sauti, hivyo vilikuwa vimepooza tangu siku ya kwanza, na spika ikabaki katika kiwango chake cha juu kabisa, habari ambayo wakati ule niliiona ndogo.

Sasa yampasa msomaji ajue kwamba ndani ya kila kompyuta imo saa itembeayo kwa betri yake hata mashine ikiwa imezimwa, na kwamba mifumo haijaafikiana jinsi ya kuisoma. Ule wangu wa zamani huiweka kwa saa za hapa petu. Huu mpya ulidhani kwamba saa hiyo imewekwa kwa majira ya Greenwich, na kwa nia njema kabisa ukazijumlisha saa tatu tunazowatangulia wenzetu wa huko. Lau ingekuwako intaneti, kosa hilo lingesahihishwa kutoka nje mara moja, lakini habari za intaneti nimekwisha kuzisimulia.

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Katika programu nilizozihamisha kwa flashi ilikuwamo moja ya nyakati za swala, na siku moja, majira ya saa tisa na dakika zake, jua likiwa linachoma mabati na alasiri yenyewe haijaadhiniwa, kompyuta yangu iliyokuwa dirishani iliadhini magharibi. Iliadhini kwa sauti ya muadhini hodari, ikasikika hadi nyumba ya tatu. Mtoto wa jirani, ambaye mwaka ule ndio kwanza anajifunza kufunga, alisikia kile alichokuwa akikiombea tangu asubuhi, na mama yake alipomwahi tende ilikuwa imekwisha kufika mdomoni. Alijitetea kwa hoja ambayo sikumsikia mtu yeyote akiijibu: "Mama, si wameadhini?"

Babu yake alikuja kibarazani kwangu mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akaketi, akaitazama mashine kupitia dirishani. "Ile adhana ni ya msikiti gani?"

Nikamweleza habari za saa ya ndani, na Greenwich, na saa tatu zilizojumlishwa mahali pasipohitaji kujumlishwa kitu. Alinisikiliza kwa stahamala yote, mkono juu ya bakora.

"Nimekufahamu," akasema. "Mashine yako imesafiri, nayo iko mashariki ya mbali ambako jua limekwisha kuchwa. Na msafiri ana ruhusa yake. Lakini mjukuu wangu yuko Tanga."

Nilijiliwaza kwa kukumbuka kwamba wakubwa wamefikwa na makubwa. Tarehe 20 Aprili 1998, katika maonyesho ya COMDEX mjini Chicago, Bill Gates alikuwa jukwaani akiutangaza mfumo wa Windows 98 ambao ulikuwa bado haujauzwa, na msaidizi wake, Chris Capossela, alipounganisha skana ili kuonyesha jinsi mfumo utakavyoipokea bila taabu, kioo kikubwa mbele ya hadhara yote kikageuka buluu na maandishi ya hitilafu yakajitokeza. Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na makofi. Gates, kwa utulivu unaostahili sifa, akasema bila shaka hiyo ndiyo sababu hawajaanza kuuuza. Wakauza Juni 25 ya mwaka uleule, na dunia ikanunua.

Basi nikatimiza wajibu wa mjaribu, nikaandika ripoti. Ile ya Wi-Fi ilijibiwa kwa ombi kwamba niambatishe kumbukumbu za hitilafu, ambazo mfumo ungezituma wenyewe endapo ungepata intaneti. Ya betri ilifungwa kwa kuwa kwao haikutokea. Ya vitufe vya sauti iliunganishwa na ripoti ya mtu mwingine aliyenitangulia, nami nikamwonea wivu mtu yule, kwani katika utumishi huu hakuna cheo kinachoshinda kuwa wa kwanza kuliona kosa. Labda hapo ndipo ilipo siri ya sisi kuendelea: mfumo uliokamilika humtumikia kila mtu sawasawa, ilhali ule mbovu una haja na wewe.

Toleo kamili lilitoka, nikaisoma orodha ya marekebisho kutoka juu hadi chini. Wi-Fi imepona, betri inasema kweli, vitufe vinatii, na kompyuta ikilala huamka. Ama suala la saa, walinijibu kwa taadhima kwamba si hitilafu, bali ni namna mfumo ulivyokusudiwa, na kwamba ni juu yangu kuushurutisha ule wa zamani ufuate Greenwich. Naheshimu elimu yao. Lakini mimi, na mzee wa jirani, na mjukuu wake, tumekwisha kukata shauri kwamba adhana ya magharibi saa tisa mchana ni hitilafu.