Sifa za Leseni ya Daktari wa Mazoezi

Vyeti vingi ni vivivu. Cheti cha kuzaliwa kikishatoka RITA kinalala kwenye bahasha mpaka siku ya mirathi. Stashahada ya fiziotherapia ikishatoka KCMC na kutiwa fremu, inaning'inia ukutani miaka 30 ikimtazama mwenyewe akizeeka, wala haimuulizi kama bado anaikumbuka misuli ya bega. Hata cheti cha ndoa, ambacho kwa haki kingestahili ukaguzi wa mara kwa mara, hakuna anayekikagua. Katika kabati zima la mtaalamu wa viungo, karatasi yenye bidii ya kazi ni moja tu, nayo ni leseni. Ina tarehe ya kufa, inaijua, na inataka nawe uijue. Nimekusudia kuisifu, kwa kuwa wenye nayo kule Kibaha na Kisarawe huisema vibaya tu, hasa tarehe hiyo inapokaribia.

Nianze na ukoo wake, maana kwetu mtu hasifiwi hewani. Leseni hii mlezi wake ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Tanganyika, ndiyo, ile iliyoungana na Zanzibar Aprili 1964. Sababu ya jina kubaki ni ya haki kabisa: afya si jambo la Muungano, na Zanzibar ina baraza lake. Lakini tazama maajabu. Dola iliyokwisha kitambo inaendelea kutajwa bila kuombewa muda, ila mtu aliye hai, ambaye asubuhi hii amemnyanyua kitandani mgonjwa wa kilo 90, hana budi kuomba. Sheria ya mwaka 2017 ndiyo iliyowaweka madaktari, madaktari wa meno na wenzao wa afya shirikishi chini ya paa moja, na tangu hapo hakuna aliyebaki nje ya kulalamika.

Ukoo wa mbali zaidi uko London, na haukuanza kwa heshima. Mwaka 1894 jarida la madaktari wa Uingereza lilifichua kwamba baadhi ya nyumba zilizotangaza kuchua misuli zilikuwa zinauza kitu kingine, kisichohitaji ujuzi wa misuli. Wauguzi wanne, Rosalind Paget, Lucy Robinson, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, wakaona kazi yao inachafuliwa. Wakaunda chama cha wachuaji waliofunzwa, wakakiwekea mtihani na masharti: usichue mtu bila maelekezo ya daktari, usijitangaze isipokuwa kwenye majarida ya udaktari, usimuuzie mgonjwa dawa, na wanaume usiwachue ovyo. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa chama kikuu cha wanafiziotherapia wa Uingereza. Kwa hiyo, wewe uliyeketi steshenari Maili Moja ukisubiri picha yako iingie kwenye mfumo wa kuhuisha leseni, usidhani unateswa na urasimu wa jana. Unateswa na aibu ya watu wa London, yenye zaidi ya miaka 130. Na vibao vya masaji barabara ya Morogoro bado vipo, vingine vya kweli, vingine tumwachie Mungu.

Sasa nije kwenye matendo yake. Hospitali ya Tumbi ilianza kama kituo cha afya ndani ya mradi ambao nchi za Nordiki zilikubaliana na Tanganyika (tena!) mwaka 1963. Leo ni hospitali ya rufaa ya mkoa wa Pwani, na kwa kuwa iko pembeni ya barabara kuu, hupokea kila kinachotemwa na barabara hiyo. Kijana wa bodaboda aliyevunjika paja atafungwa chuma, kisha ataambiwa aende mazoezi. Huko atakutana na mtu mpole mwenye neno moja.

"Dokta, inauma."

"Najua, mwanangu. Rudia."

Mtu huyo amezoea kusema "rudia" tangu asubuhi hadi jioni, kwa bibi aliyepooza upande, kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kwa mwalimu mwenye bega lililoganda. Nani atamwambia yeye? Hapo ndipo leseni inapojitokeza kwa huruma. Inampeleka steshenari, inamketisha kwenye kiti cha plastiki, na kijana wa kompyuta, ambaye hajui paja lina misuli mingapi, anamgeukia na kumwambia: "Dokta, mfumo umekataa picha. Turudie." Paswedi imesahaulika, turudie. Namba ya NIDA imekosewa tarakimu moja, turudie. Kontro namba imekuja, lakini bando limekwisha. Akitoka hapo amenyooshwa mgongo, pumzi na kiburi, na wala hakulipia mazoezi hayo, amelipia leseni tu.

Wapo wanaonuna zaidi wakisikia pointi za mafunzo endelevu ambazo leseni inazidai. Wanasema: nilishasoma, viungo vya binadamu havijaongezeka. Ni kweli, goti ni lilelile. Ila ushauri juu ya mgongo haukubaki ulivyokuwa. Zamani mkulima wa mihogo wa Maneromango akikamatwa na kiuno aliambiwa alale chali mpaka kipoe. Mwaka 1995 ukatoka utafiti wa Finland, uliofanywa kwa watumishi wa jiji la Helsinki: walioambiwa waendelee na shughuli zao kadiri maumivu yalivyowaruhusu walipona vizuri kuliko waliolazwa kitandani kwa siku 2. Mtaalamu ambaye elimu yake iliishia kwenye fremu ya ukutani atamlaza mkulima wetu msimu wa kupanda, mihogo isipandwe, na bado atajiona amemhurumia. Nakiri kwamba baadhi ya pointi hupatikana kwenye kumbi ambako sambusa husikilizwa kuliko mtoa mada. Hata hivyo anayekaa karibu na spika hunasa mawili matatu.

Wengine wanaitamani Marekani, wakidhani huko karatasi haichoki. Huko kila jimbo lina bodi yake. California peke yake hudai saa 30 za masomo kila miaka 2, zikiwemo za maadili na za kuokoa maisha ya mtu aliyezimia. Majimbo mengi yameingia mkataba wa kutambuliana ili kupunguza adha hiyo, lakini si yote. Tungeiga hapa mpango huo wa kila jimbo na bodi yake, mtaalamu anayelala Gongo la Mboto na kufanya kazi Kisarawe angehitaji leseni mbili, moja ya Dar es Salaam na moja ya Pwani, na daladala ikikata mpaka kule Pugu angebadilisha mfukoni. Mshukuru Tanganyika wako.

Sifa kubwa nimeiweka mwisho. Leseni hii ina adabu: haimsumbui asiyeijua. Mtu mwenye chupa ya mafuta ya nyonyo anayezunguka mitaani akinyoosha shingo za watu kwa kishindo, hajawahi kuamshwa usiku na tarehe yake. Hana pointi, hana kontro namba, hana picha iliyokataliwa. Hata mganga wa kuunga mifupa kijijini, ambaye kwa sheria ya tiba asili ya mwaka 2002 naye anatakiwa kusajiliwa, akiwa mtii ndiye atakayefuata barua kwa mtendaji na kumtafuta mratibu wilayani. Akiwa mkaidi anaendelea kuunga. Adha yote imetengwa kwa ajili ya waaminifu. Sijui karatasi nyingine iliyo karimu hivyo kwa watu wema.

Ila aliyelala kitandani, paja lina chuma na macho yako darini, hawezi kutofautisha mkono uliofunzwa na mkono uliothubutu. Yote miwili ina joto, yote miwili inasema "vumilia kidogo". Wa kumtofautishia ni karatasi hii yenye kero, nayo haina kazi kama imekunjwa ndani ya droo.

Basi, msomaji, siku utakapopelekwa mazoezi Tumbi au hospitali ya wilaya Kisarawe, au utakapomwita mtu nyumbani amnyooshe mama aliyepata kiharusi, omba kuiona leseni kabla hajashika mguu. Soma jina, kisha soma tarehe. Aliyehangaika kuipata hatakasirika. Huenda wewe ndiye mtu wa kwanza kumwomba.