Mzee Habishiwi, Hata Kwenye Hoki

Ubishi wa mpira ukiukuta barazani Tanga au Kariakoo, unajua mwisho wake: adhana itaadhiniwa, watu watatawanyika. Huku Ontario, Kanada, ninakoishi, ubishi hauna adhana. Wazee wa hoki ya barafuni wakishaanza kushindana nani alikuwa beki bora kuliko wote, hawatawanyiki mpaka mgahawa ufungwe, na mgahawa wenyewe haufungwi.

Mkosi wangu ni malezi. Nimefunzwa kwamba mzee habishiwi. Mzee Boston akisema Bobby Orr, naitikia kwa kichwa. Mzee Montreal akisema Doug Harvey, naitikia kwa kichwa. Kila mmoja anahesabu kichwa changu kuwa kura yake, halafu wananigombania kama wagombea udiwani. (Majina hayo nimewapa mimi kwa timu wanazozipenda. Wote ni wa hapa hapa, kazi yao ilikuwa kiwanda cha chuma.)

Kwa asiyeijua hoki hii: watu sita kila upande pamoja na golikipa, mabeki wawili, viatu vyenye ulimi wa chuma, fimbo mkononi, na kisahani cha mpira mgumu kinachopita kasi kuliko gari la barabara kuu. Kumgonga kwa bega mwenye kisahani ni halali. Ukimkwatua kwa fimbo, unaketi kwenye kibanda cha adhabu dakika mbili. Mkipigana ngumi, dakika tano, kisha mnarudi uwanjani kama hakuna kilichotokea. Waamuzi nao mara nyingi husubiri mpaka mmoja aanguke ndipo waamue ugomvi. Kwetu mtu huyo angeshafungiwa msimu mzima.

Mzee Montreal huanza kwa hesabu. Harvey alitwaa tuzo ya Norris, ya beki bora wa mwaka, mara 7 kati ya 1955 na 1962, na vikombe 6 vya Stanley, vya ubingwa wa ligi, akiwa na Montreal. Alicheza taratibu, kama mtu asiye na safari, akikishika kisahani mpaka wapinzani wachoke kumfuata. Timu yake ikiwa na mtu mmoja zaidi uwanjani ilifunga mno, hata mwaka 1956 sheria ikabadilishwa: tangu hapo mwenye adhabu ya dakika mbili anarudi mara tu timu yake inapofungwa bao. Mzee hupiga meza akifika hapo. Beki ambaye ligi ililazimika kuandika upya kanuni kwa sababu ya timu yake!

Mzee Boston hamjibu. Anatoa simu. Najua kinachokuja: picha ya tarehe 10 Mei 1970, Orr yuko hewani amelala kifudifudi, mikono mbele, baada ya kuwafunga St. Louis bao la muda wa nyongeza lililoleta ubingwa. Noel Picard alimkwatua mguu, lakini kisahani kilikuwa kimeshaingia. Kisha zinamiminwa takwimu: Norris 8 mfululizo, 1968 hadi 1975, na mara 2 aliongoza ligi nzima kwa pointi za mabao na pasi za mabao, jambo ambalo hakuna beki mwingine amelifanya mpaka leo.

Hapo ubishi bado ni wa watu wenye akili zao. Lakini waache robo saa tu, uhodari unawekwa kando na damu inaanza kumwagika mezani.

Anayeimwaga ni Mzee Philadelphia. Kipenzi chake ni Dave Schultz, ambaye wala hakuwa beki, lakini mwambie wewe. Msimu wa 1974-75 Schultz aliandikiwa dakika 472 za adhabu, rekodi ambayo haijavunjwa. Hizo ni karibu saa nane, zamu nzima ya kiwandani bila mapumziko ya chai. Timu yake ilichukua kombe mwaka 1974 na 1975, na Januari 1976 ikaipokea timu ya jeshi ya Moscow. Beki Ed Van Impe alimwangusha Valeri Kharlamov, Warusi wakatoka uwanjani kwa hasira, wakabembelezwa, wakarudi, wakafungwa 4-1. Mzee anaisimulia habari hii kwa machozi ya furaha, kana kwamba siku hiyo ndiyo nchi ilipata uhuru.

Akimaliza hapo anapanda juu zaidi, kwa Eddie Shore wa Boston, ambaye hakuna hata mmoja mezani aliyemwona akicheza. Shore alikuwa beki kwelikweli: mara 4 alitajwa mchezaji wa thamani kuliko wote ligini, na hakuna beki aliyefikia hapo. Lakini wazee hawamtaji kwa hilo. Wanamtaja kwa Desemba 1933, alipomwangusha Ace Bailey wa Toronto kutoka nyuma, kichwa kikapiga barafu, fuvu likapasuka. Februari iliyofuata ikachezwa mechi ya kumchangia Bailey, na wawili hao wakashikana mikono mbele ya watu. Hadithi ya wazee huishia kwenye mkono. Kwamba Bailey hakucheza tena maisha yake yote, hilo hulisikii.

Kofia ngumu, kwao, ndiyo ilianzisha uozo. Kuanzia 1979 wachezaji wapya walilazimishwa kuivaa, na wa mwisho asiye nayo, Craig MacTavish, alistaafu 1997. Mzee Philadelphia hutaja mwaka huo kwa sauti ya msibani. Nilipogusia kwamba Bob Probert, bondia mkubwa wa barafuni, alikufa mwaka 2010 akiwa na miaka 45 na madaktari wakaukuta ubongo wake umeharibika, mzee aliinuka kwenda kuongeza kahawa.

Siku moja kijana wa kaunta alimtaja Nicklas Lidström wa Detroit. Norris 7, vikombe 4. Meza ikanyamaza kama mtu katukana. Lidström alicheza mechi 1,564 za msimu wa kawaida na adhabu zake zote ni dakika 514. Schultz alikaribia kuzimaliza hizo kwa msimu mmoja. "Msafi mno," akasema Mzee Philadelphia, kwa sauti ya mtu anayezungumzia ugonjwa.

Na mgahawa wenyewe tunaokalia unabeba jina la beki! Tim Horton alifungua duka lake Hamilton mwaka 1964, akiwa bado anaichezea Toronto, aliyoshinda nayo vikombe 4. Alikuwa na nguvu za kutisha, na mtu akimletea ngumi alimkumbatia kwa kumbana mpaka hasira zimwishe. Wazee wanalisoma jina lake kwenye kikombe kila asubuhi na hawajawahi kumpigia kura.

Kinachoniudhi hasa ni hiki. Mzee Boston humlilia Orr kwa kustaafu mapema, na anayo haki: goti la kushoto lilipasuliwa tena na tena, akaacha mwaka 1978 akiwa na miaka 30. Dakika tano baadaye anaungana na Mzee Philadelphia kuusifu mchezo wa kugongana uliosaidia kulimaliza goti hilo hilo.

Basi msimamo wangu ni Orr, kisha Harvey, kisha Lidström, na Shore wa nne kwa kuheshimu tuzo zake. Schultz hayumo, si beki. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi kwa kuwa wazee hawakisomi. Wewe unayekisoma, nakuomba usiwatafsirie.