Hongera, A ya Steshenari

Wenzangu husifu wali wa nazi, wengine wachumba. Mimi leo namwaga sifa kwa herufi moja isiyoalikwa: ile A iliyojipachika kwenye mabango ya maduka ya kalamu na fotokopi, yanayojiita "Stationary" badala ya "Stationery".

Waingereza wenyewe huyatamka maneno haya karibu sawa kabisa. Lenye E ni karatasi, bahasha, wino na rula. Lenye A ni kitu kilichosimama, hakiendi popote. Sikio halina msaada hapo. Na Mswahili, aliyezoea irabu tano zisizogeuka sauti, anaambiwa akariri kwamba E ni ya "envelope". Akariri kwa faida ya nani?

Tazameni uaminifu wa A. Bango linasema duka limesimama, na kweli limesimama! Umeme ukikatika, mashine ya fotokopi husimama, foleni ya wanachuo wenye ripoti za kukabidhi saa nane husimama, na mwenye duka husimama mlangoni akiikodolea macho transfoma. Bango gani jingine mtaani husema kweli kiasi hicho? La hoteli isiyo na hata kitanda kimoja?

Tena A ina ukoo. Katika Kilatini cha Zama za Kati, "stationarius" alikuwa muuza vitabu mwenye kituo chake, si mchuuzi wa kutembeza. Wa London walipanga vibanda vyao kuzunguka Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Chama chao kikaundwa mwaka 1403, na mwaka 1557 kikapewa hati ya kifalme. Kumbe kukaa mahali pamoja ndiko kulikompa muuza karatasi jina! Maneno yote mawili ni ya tumbo moja, na katika jina la babu yao huyo E haimo kabisa, hata ukitafuta kwa miwani. Mchora mabango wetu, bila kufungua kamusi, amerudi kwenye shina. (Kiswahili nacho, kwa busara zake, kikaandika "steshenari", E na A wakakaa nyumba moja bila kugombana.)

Yupo mwalimu mmoja wa Kiingereza ambaye kila akipita hapo huguna, akatamani kulisahihisha bango kwa kalamu yake nyekundu. Kalamu yenyewe kainunua humo humo, na chenji bado anadai.